Nakala ya Mlimani

4 Machi, Jumatatu
Nimefika. Dereva alinishushia sanduku, godoro na birika, akageuza gari kabla sijamaliza kumshukuru. Alisema anaiwahi mvua.

Jengo lilikuwa ofisi ya serikali zamani, sasa lina watu wawili: mimi juu, mlinzi chini. Chumba cha mashine kina kiyoyozi, kabati la chuma na meza moja. Ninapolala ni mlango wa pili. Dirishani naona mabati ya ghala, barabara ya udongo mwekundu, na mawingu yanayopita chini yangu badala ya juu.

Niandike kazi yenyewe ili nisije nikasahau nilitumwa kufanya nini. Hospitali kuu iko bondeni, kando ya mto. Majalada ya wagonjwa wake wote, pamoja na ya zahanati saba, yamo kwenye hifadhidata moja, ndani ya seva iliyo chumba cha chini kabisa. Mimi nimeletwa kujenga ya pili huku juu, nakala ya akiba. Kila badiliko linaloandikwa bondeni linakuja kwangu kwa mafungu yenye namba, na mashine yangu inayaingiza kwa mpangilio uleule. Siku ile seva ya bondeni ikianguka, hii inashika kazi.

5 Machi, Jumanne
Nimefunga kebo siku nzima. Mgongo.

8 Machi, Ijumaa
Nakala imeanza kazi. Saa kumi jioni fungu la kwanza liliingia, namba 9,077, na mimi nikapiga makofi peke yangu kama mtu aliyepungukiwa akili. Mlinzi akaita kutoka chini kuuliza kama nimeona nyoka.

11 Machi, Jumatatu
Msimamizi wa seva ya bondeni amenipigia kwa mara ya kwanza. Ofisini wanamwita Msumari kwa sababu hapindi. Nilikuwa nimemsikia tu, sijawahi kumwona, kwani mimi niliajiriwa makao makuu, mji mwingine kabisa. Mazungumzo yetu yote haya hapa:

"Umepokea?"

"Nimepokea, mpaka namba 9,341."

"Haya."

Akakata. Anasema atapiga kila siku saa nne asubuhi. Ndiye mtu pekee niliyeongea naye leo, ukimtoa mlinzi, naye alitaka kiberiti.

14 Machi, Alhamisi
Meneja anataka takwimu za wagonjwa wa mwezi uliopita, na hataki kuisumbua mashine ya bondeni. Nimesimamisha uingizaji kwa muda, nikaifungua nakala yangu isomeke, nikamtolea takwimu. Amefurahi. Mvua imeanza rasmi.

17 Machi, Jumapili
Dada amepiga. Kila Jumapili anapiga tangu mume wangu afariki, miaka mitatu sasa, na kila Jumapili ananiuliza nimekula nini. Leo akauliza kazi ikoje. Nikamweleza.

"Kwa hiyo unakaa huko unasubiri wenzako waharibikiwe," akasema.

"Sisubiri. Najiandaa."

"Na wasipoharibikiwa?"

"Basi nitakuwa nimefanya kazi vizuri."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Tulipomaliza nikabaki nimeishika simu, nikitafuta nani mwingine wa kumpigia. Sikumpata.

20 Machi, Jumatano
"Umepokea?" "Nimepokea." "Haya." Mvua.

21 Machi, Alhamisi
Hivyo hivyo. Nafikiri ananidharau. Mtu anayekuheshimu angalau hukuuliza umeamkaje.

26 Machi, Jumanne
Nimefanya kosa, na ni kubwa.

Leo asubuhi nilifungua nakala nitafute zahanati moja, nikaona mgonjwa wa mwisho aliyeandikwa ni wa tarehe 14. Nikadhani nimekosea. Nikatafuta tena. Wa tarehe 14.

Siku ile niliyomtolea meneja takwimu, nilisimamisha uingizaji na sikuurudisha. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau sufuria jikoni. Mafungu yameendelea kuja, yanapangwa kwenye diski, na kila saa nne Msumari akiniuliza kama nimepokea nimemjibu kweli kwamba nimepokea. Kupokea nilipokea. Hakuna kilichoingizwa kwa siku kumi na mbili.

Nikajipa moyo: niyaingize yote sasa, itafika. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliweka utaratibu wa kufuta kila fungu lililozidi siku saba ili diski isijae. Siku tano za mwanzo hazipo tena kwangu. Nikampigia Msumari saa tatu kasoro robo, kabla ya saa yake.

"Unatunza mafungu ya siku ngapi huko?"

"Kumi. Kwa nini?"

Nikapiga hesabu. Kumi na mbili ukitoa kumi ni mbili. Na haya mambo yanakwenda kwa namba. Ukikosa fungu moja katikati, yanayofuata hayaingii hata yawe elfu. Siku mbili tu, na nakala nzima haina maana. Nikamweleza yote bila kupaka rangi.

"Tuanze upya," akasema. "Nitachukua nakala nzima ya huku. Laini hii haiwezi kuibeba kwa mvua hizi. Nitaiweka kwenye diski, dereva alete."

"Nakushukuru. Naomba kitu kimoja. Tunaweza kuimaliza wenyewe, sisi wawili? Bila meneja kujua?"

"Hapana. Naandika ripoti leo."

Nimeandika hapa neno nililomwita baada ya kukata simu, kisha nimelifuta.

27 Machi, Jumatano
Meneja amenisema kwa dakika ishirini. Alisema kuna watu wanaoamini wakikaa mbali hawaonekani.

Leo kama mto ungepanda, majalada ya watu wa bonde lote yasingekuwa na mahali pengine.

28 Machi, Alhamisi
Dereva hajafika. Barabara imekatika mahali.

30 Machi, Jumamosi
Dereva amefika saa saba mchana, tope mpaka kwenye kola. Diski ilikuwa imefungwa kwa mifuko mitatu ya nailoni na taulo. "Alinifungia yule mzee wa seva mwenyewe," akasema. "Alinipa masharti kama nimebeba mtoto mchanga."

Pamoja na diski kulikuwa na bahasha yenye nakala ya ripoti. Nikaiweka kando. Baada ya chai nikaifungua nijue amenichafua vipi.

Mstari wa kwanza ni jina lake mwenyewe, si langu. Ameandika: "Kila asubuhi nilimuuliza mwenzangu kama amepokea. Sikumuuliza kama ameingiza. Swali langu lilikuwa pungufu, na kwa sababu hiyo kosa la dakika moja limeishi siku kumi na mbili." Mimi nimetajwa chini, kwa kifupi, pamoja na maelezo kwamba nilijitokeza mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Nimeisoma mara nne. Sijui niweke wapi hasira yangu sasa.

2 Aprili, Jumanne
Nakala mpya imeanza kazi na mafungu yaliyofuata yameingia yote. Saa nne simu ikalia.

"Umepokea?"

"Nimepokea, mpaka 15,220."

"Umeingiza?"

"Nimeingiza, mpaka 15,219. Moja linaingia sasa."

"Haya." Kisha, kabla hajakata: "Mvua huko ikoje?"

Nikamwambia ni kubwa. Akasema hata huko.

8 Aprili, Jumatatu
Nilimwomba meneja tufanye zoezi kamili: tuzime ya bondeni kwa saa moja, ya kwangu ishike kazi, tuone. Amekataa. Hospitali haiwezi kusimama saa nzima kwa ajili ya mchezo, hilo ndilo neno lake. Nikamwambia Msumari nikitegemea atasema "Haya" na kukata. Badala yake akasema, "Chukua karatasi." Tukapitia hatua zote kwa mdomo, yeye akisoma, mimi nikijibu ningefanya nini. Dakika arobaini. Kabla ya leo hatukuwahi kuongea hata dakika tano.

9, 10, 11 Aprili
Tumerudia kila siku. Kuna hatua moja anaikazia mpaka inachosha: nisiifungue ya kwangu iandikwe kabla sijajua kwa hakika kwamba ya kwake imezimwa.

"Kwa nini unanirudia hiyo tu?" nikamuuliza jana.

"Kwa sababu siku hiyo kila mtu atakuambia fungua. Mashine mbili zikiandika kwa pamoja, kila moja inakuwa na ukweli wake. Mgonjwa mmoja, majalada mawili, na hakuna wa kuyapatanisha."

"Na kama siwezi kukupata?"

"Utanipata."

14 Aprili, Jumapili
Dada hakupiga. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Nimekula ugali wa jana nikiwa nimesimama.

15 Aprili, Jumatatu
Naandika wakati bado kuna mwanga wa jioni, nataka niweke yote.

Saa nne alipiga kama kawaida. Tulipomaliza akaongeza kwamba mto umefika kwenye ukuta wa nyuma wa hospitali na ameshaomba mifuko ya mchanga. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kusoma namba.

Saa nane na dakika hamsini na mbili laini ya kutoka bondeni ikakatika. Fungu la mwisho kwangu lilikuwa 20,412. Nikampigia Msumari: hapatikani. Nikapiga mapokezi: hapatikani.

Saa tisa na dakika tano meneja akapiga. Yuko kwenye mkutano mji mwingine. "Hospitali imeingia maji," akasema. "Fungua ya kwako."

"Sijui kama ya bondeni imezimika, bosi."

"Mama, nakuambia kuna maji mpaka mlangoni."

"Maji yako mlangoni. Mashine ina betri zake, na wodi za juu zina jenereta. Kama bado iko hai, wodi bado zinaiandikia. Nikifungua yangu, zahanati zitaandika huku na wodi zitaandika kule."

"Unajua ni watu wangapi wanasubiri?"

"Najua."

"Basi unasubiri nini wewe?"

Nikasema nasubiri neno la msimamizi wa bondeni. Akasema kama mtu akifa mikononi mwa zahanati yoyote leo, atajua wa kumuuliza. Akakata.

Dakika kumi baadaye akapiga daktari wa zahanati ya tatu. Ana mtoto wa miaka sita, homa kali, degedege, bibi aliyemleta hajui historia yake. Anakumbuka kuna dawa iliyowahi kumdhuru mtoto huyo lakini hakumbuki ni ipi, na skrini yake haifungui kitu. Halafu nikakumbuka. Nakala inaweza kusomeka bila kuandikwa.

"Daktari, naweza kukusomea. Siwezi kukuandikia. Nipe namba ya jalada."

Nikamsomea jina la dawa, herufi kwa herufi, mara mbili. Akasema, "Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeishika." Nikasikia akiweka kitu mezani.

Baada yake zikaja simu kumi na nne. Niliwasomea wote, huku nikiwaambia yale mapya wayaandike kwenye karatasi. Kiti kilikuwa kimoja lakini sikukikalia.

Saa tisa na dakika arobaini na saba, namba nisiyoijua.

"Umepokea mpaka ngapi?"

Nilikaa chini kwenye sakafu. "Elfu ishirini, mia nne kumi na mbili."

"Huku ya mwisho ni mia nne kumi na nane. Ilikuwa hai mpaka sasa hivi. Wodi zilikuwa bado zinaiandikia. Nimeyaweka hayo sita kwenye flashi, kisha nimezima umeme wa seva kwa mkono wangu. Imezimwa. Nimesimama mbele yake. Fungua."

"Uko salama?"

"Fungua kwanza."

Nikafungua. Hatua kumi na moja, zote nilizijua kama njia ya chooni. Saa kumi na dakika mbili zahanati ya kwanza ikaandika mgonjwa kwenye mashine yangu. Nilipompigia tena kumwambia, akapokea mwanamke: ni mfanya usafi, ndiye mwenye simu. Alisema mzee amepelekwa juu, maji yalikuwa yamefika mapajani, na amejikata mguu kwenye kona ya kabati la chuma.

16 Aprili, Jumanne
Laini ya bondeni imerudishwa usiku, na wodi nazo sasa zinaandika kwangu. Simu hazina idadi. Wote wananiita majina ya heshima. Saa nne ilipita bila yeye kupiga.

18 Aprili, Alhamisi
Dereva ameleta ile flashi, imefungwa kwa nailoni. Mafungu hayo sita hayawezi kuingizwa tena, kwa kuwa mashine yangu imeshashika njia yake, ila yanaweza kusomwa. Nimeyasoma. Yana maandiko kumi na moja. Wodi zilikuwa zimeshakumbuka na kuandika upya kumi. La kumi na moja hakuna aliyelikumbuka: majibu ya kipimo cha mama mmoja, kifua kikuu, yaliyoandikwa na mtu wa maabara dakika chache kabla ya kukimbia maji. Mama mwenyewe alikuwa ameshaenda nyumbani, kwenye nyumba ya chumba kimoja na wanawe wanne. Nimeipigia zahanati ya karibu naye. Jioni wamenijulisha kwamba amefika, ameanza dawa, na watoto watapimwa.

Kwa hiyo hicho ndicho alichokuwa anakiokoa ndani ya maji.

20 Aprili, Jumamosi
Siku ya tano hajapiga. Namba yake haipatikani. Simu itakuwa imelowa.

Nilikuwa napitia maandiko mapya kuhakikisha hakuna kilichopotoka, na nikakutana na jalada la mwanamume wa miaka hamsini na nane. Kazi: msimamizi wa hifadhidata. Jeraha la mguu wa kulia, limeoza, sukari iko juu. Upasuaji Jumatatu. Sikupaswa kuendelea kusoma na nilitaka kufunga, lakini jicho lilikuwa limeshafika chini. Mtu wa karibu: hakuna.

Nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu. Mimi kwenye jalada langu nina dada. Nilidhani hakuna aliye peke yake zaidi yangu mimi niliye huku mlimani.

Nikapiga wodini.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akauliza. "Maana tunatafuta mtu. Ana homa, leo yuko sawa kesho hayuko, na daktari anataka ndugu wa kusikiliza naye. Yeye anasema tusimsumbue mtu."

Nilifungua mdomo kusema tunafanya kazi pamoja. Nikasema, "Andika mimi."

"Uhusiano?"

"Dada."

Akaniuliza jina na namba ya simu. Dakika moja baadaye niliuona mstari ule ukibadilika kwenye skrini yangu.

21 Aprili, Jumapili
Tatizo ni kwamba sasa mashine yangu ndiyo pekee. Nimetumia usiku wa jana na leo mchana kujenga akiba yake kwenye seva ya zamani makao makuu, ambako laini ni kubwa kuliko ile ya bondeni. Imepokea na imeingiza. Lakini huku lazima awepo mtu.

Meneja alikuja jana, kwa kuwa ofisi yake bado ina tope. Nikamwambia nataka siku mbili.

"Nani atabaki?"

"Wewe, bosi."

Alinitazama. Nikampa daftari la hatua na kiti. Sijui kilichompitia, labda alikumbuka maneno yake ya tarehe 15. Alisema, "Nenda. Kabla sijabadilisha mawazo."

22 Aprili, Jumatatu
Njiani saa tano nzima. Meneja alipiga saa nne na nusu. "Hapa huwa hakuna mtu kabisa?"

"Mlinzi yuko chini."

"Amekuja kuomba kiberiti akaondoka." Kisha: "Ulikaa huku tangu lini?"

"Machi nne."

Akaniuliza birika liko wapi.

Nilimkuta Msumari ameshatolewa chumba cha upasuaji. Daktari aliniita pembeni: wamemkata vidole viwili, mguu umeokolewa, atatembea. Ingechelewa siku tatu ingekuwa habari nyingine. Nikatia sahihi mahali pa ndugu.

Nilikuwa nimemjenga kichwani mtu mrefu, mkavu, mwenye uso wa mbao. Kitandani palikuwa na mzee mfupi, mnene kidogo, mwenye nyusi nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa ananitazama kama anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Niliposalimia, aliijua sauti.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akajaribu kuinuka. "Nakala imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Akiba yake?"

"Iko makao makuu. Imepokea, imeingiza."

"Meneja amekutuma uchukue ripoti."

"Sikutumwa. Sikuja kwa mambo ya mashine."

Aliangalia dirisha, akaangalia mikono yake, akaangalia ule mguu uliofungwa. Nikaona kwamba hana mazoea ya kutembelewa, hajui mtu hufanya nini mgeni akija bila shida. Mimi pia nilikuwa nimesahau mgeni husema nini. Tulikuwa kama watu wawili waliopewa chombo kisicho na maelezo.

"Wamesema nina dada," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Mimi nilizaliwa peke yangu."

"Najua. Nilisoma. Nisamehe."

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, polepole sana, pande zote mbili. Hakuivaa tena.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

Akasogeza sahani yake iliyofunikwa kwenye kijimeza upande wangu, kisha akajisogeza mwenyewe, kwa shida, akikunja uso kwa maumivu, mpaka kukapatikana nafasi ya mtu mmoja ukingoni mwa kitanda.

"Kiti hakuna," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa.